Shangazi wa Traki ya Saba

Watu wa mtaani kwao walimwita Masikio, ingawa masikio yake yalikuwa ya kawaida tu, tena madogo. Jina alilipata kazini. Ukimpigia wimbo mara moja angekuambia kwamba mpiga gita hakukata kucha, kwamba mwimbaji alikuwa na mafua, na kwamba chumba walichorekodia kilikuwa na dirisha lisilofunga. Kujigamba huko kuliwachosha watu, lakini mara nyingi alikuwa anasema kweli, na mtu anayejigamba kwa haki ni kazi kumnyamazisha.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabomba na koki. Kuta alizifunika kwa mablanketi mazito na magodoro membamba, na dirisha aliliziba kwa mbao. Kwenye kona alijenga kibanda cha kuimbia, kidogo kiasi kwamba mwimbaji mnene ilimbidi aingie kinyumenyume. Mwenye duka akitaka kukata bomba kwa msumeno aligonga ukuta mara tatu. Masikio akitaka kurekodi aligonga mara mbili. Na kwa mkataba huo usioandikwa popote waliishi miaka minane bila kugombana. Humo alirekodi matangazo ya biashara, nyimbo za harusi, na vijana waliokuja na mashairi ya kuachwa ilhali hawajawahi hata kupendwa.

Basi mtu huyu aliyesikia hata kucha za watu alikuwa na jambo moja asilotaka kulisikia, na jambo lenyewe lilimhusu shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Baba alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke mwingine, kisha akasahau njia ya kurudi. Shangazi, dada wa baba huyohuyo, hakumlaumu mtu. Alimchukua mtoto, akamtandikia kitanda chumbani kwake, wakaishi pamoja miaka kumi na minne. Alikuwa dobi wa hospitali, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mashine ya kukamua mashuka, asubuhi mpaka jioni. Alirudi nyumbani vidole vimejikunja kwa maji, anapika, anakagua madaftari. Masikio alipomaliza shule na kusema anataka kusomea mitambo ya sauti, ukoo mzima ulisema huo ni uhuni. Shangazi akasema uhuni una wenyewe na mwanawe si mmoja wao, akampeleka kusoma.

Kwenye chumba cha kufulia pale hospitali walikuwa na kwaya yao, watu kumi na wanne. Walifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, katikati ya matoroli ya mashuka, wakiongozwa na msimamizi wa chumba cha pasi, mwanaume mwembamba waliyemwita Mwalimu. Shangazi alisimama siku zote mwisho wa mstari, upande wa kushoto kabisa, na mtu akijisahau akasimama hapo alisukumwa kwa nyonga. Kila mmoja alijua hicho ni kiti cha mfalme, ila hakuna aliyejua kwa nini.

Ilipobaki miezi minne astaafu, kwaya ikaamua kurekodi wimbo mmoja, upigwe siku ya kumuaga. Shangazi alifurahi kupita kiasi. Alikwenda nyumbani kwa Masikio kumpa habari, na hakutaka hata kukaa.

“Nimefua mashuka ya mji mzima, mwanangu,” alisema. “Shuka safi halina jina la aliyelifua. Angalau sasa sauti yangu itabaki mahali.”

Masikio akamwambia asiwe na wasiwasi, sauti yake ipo mikononi mwa fundi.

Wakaja. Masikio alikuwa na maikrofoni moja tu ya kuaminika, kwa hiyo hakuweza kuwarekodi wote kwa pamoja. Aliwaingiza kibandani mmoja mmoja, kila mtu na traki yake, yaani mstari wake peke yake ndani ya kompyuta, ili baadaye azikusanye. Ili wasipotee njia aliwavisha hedifoni. Ndani ya hedifoni waliwekewa vitu viwili: kinanda kilichowapa sauti ya kufuata, na mlio mkavu wa mapigo, tik, tik, tik, uliowapa mwendo. Kinanda alikiweka sikio la kushoto na mapigo sikio la kulia, visigombane. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote, na hakuna mwimbaji aliyewahi kulalamika.

Shangazi alikuwa wa saba. Aliingia kibandani na kitambaa kipya kichwani, kana kwamba maikrofoni ina macho. Akaimba. Mapigo aliyashika barabara, hakuchelewa wala hakuwahi. Lakini sauti yenyewe ilikuwa inateleza. Ilianza palipo sahihi, ikashuka kidogo, ikashuka tena, na kufikia kiitikio ilikuwa imekwenda kukaa mahali ambapo hapakuwa na wimbo wowote.

Siku ile Masikio alikuwa amewarudisha waimbaji wengine mara tano, mara sita. Mwanamama mmoja wa chumba cha pasi, mwenye sauti ya pili nzuri, alimrudisha mpaka akatishia kwenda nyumbani. Kwa Shangazi alirudia mara moja tu, na mara hiyo ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Alimwona kupitia kioo cha kibanda, anamtazama kwa macho ya mtoto aliyemaliza hesabu na anasubiri alama. Utamwambiaje mtu aliyekufundisha kusema kwamba hawezi kuimba?

“Vizuri sana, Shangazi,” alisema. “Toka, umemaliza.”

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na uongo wa kwanza huwa unafanana sana na adabu.

Siku ya kumiksi alikaa na traki zote kumi na nne, akaanza kazi ya kuzipatanisha: huyu apande kidogo, yule ashuke, sauti nzito zipunguzwe unene zisifunike nyembamba, wote wapewe mwangwi kidogo wasikike kama wapo ukumbi mmoja. Kila alipofika traki ya saba wimbo uliuma kama jino bovu. Alijaribu chombo cha kunyoosha sauti. Shangazi akatoka kama bata ndani ya ndoo. Alijaribu kumshusha chini kabisa. Bado alisikika, na kusikika kwake kukawa kama mtu anayenung'unika nyuma ya mlango. Mchana kutwa alihangaika. Mwishowe aliweka kidole kwenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi M, kitufe cha kunyamazisha traki, akakibonyeza. Kikawaka taa nyekundu.

Wimbo ukatakata.

Hakufuta kitu. Alijiambia hivyo mara nyingi baadaye, kwamba hakufuta, alizima tu. Sauti ya Shangazi ilikuwemo ndani ya kompyuta, salama, ila hakuna atakayeisikia. Kisha akampelekea mwenzake mwenye studio kubwa afanye masta, ile hatua ya mwisho ya kuupa wimbo ukamilifu, maana masikio ya aliyemiksi huwa yamekwisha kuchoka na kuzoea makosa. Mwenzake alimrudishia na salamu za pongezi: kwaya gani hii, hakuna hata mmoja aliyetoka nje. Masikio alisoma zile pongezi mara moja, akaifunga kompyuta.

Siku ya kuaga, wafanyakazi walijaa kwenye chumba chao cha kulia. Wimbo ukapigwa. Shangazi alifumba macho. Sauti ya pili ilipoingia aliinua kidole.

“Hapo,” alisema, na machozi yakamtoka. “Hapo ni mimi.”

Sauti ile ilikuwa ya mwanamama wa chumba cha pasi. Mwenyewe alikuwa amesimama palepale, akatazama chini. Wengine walimkumbatia Shangazi, wakampigia makofi. Masikio alikuwa karibu na spika. Alitabasamu, maana afanye nini? Alihisi kwamba amemwibia mtu aliyelala, na mtu huyo ameamka akamshukuru.

Tangu hapo alikosa raha. Shangazi aliuweka wimbo kwenye simu, akawapigia majirani, wauza mboga, hata daktari wa macho. Kila alipomwona Masikio alimwita fundi wangu, na kila alipoitwa hivyo Masikio alitafuta udhuru wa kuondoka. Alipunguza kumtembelea. Alijiambia kazi zimekuwa nyingi. Kazi zilikuwa zilezile.

Mwenye kosa akikimbia, kosa humfuata kwa miguu yake. Shangazi, aliyekuwa hajazoea kukaa bure, alimfuata studio. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuja na daftari la kurasa tisini na sita, akavuta kiti, akasema miaka yote amemsikia mwanawe akitamka maneno ya kazi yake kama mganga, na sasa ana nafasi, anataka kuyaelewa. Aanze mwanzo. Kurekodi ni nini, kumiksi ni nini, kumasta ni nini.

Masikio angeweza kukataa, lakini mtu atamkatalia vipi shangazi yake kujifunza? Akamweleza. Shangazi alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande, halafu akavitafsiri vyote kwa kazi yake mwenyewe. Kurekodi ni kupokea nguo. Zikija na doa utahangaika nalo mpaka mwisho, kwa hiyo zikague mlangoni. Kumiksi ni kuchambua na kufua, nyeupe na za rangi zisichujiane. Kumasta ni pasi na kukunja: nguo ileile, ila sasa inaweza kutoka nje. Masikio alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mwalimu wake wa chuo alichukua muhula mzima kueleza jambo hilo, tena hakueleweka.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata. Alijifunza ikwalaiza, vile virungu vya kuongeza na kupunguza unene na wembamba wa sauti. Alijifunza kompresa, inayomshusha anayepiga kelele na kumpandisha anayenong'ona. Akasema wangeifunga kwenye vikao vya ukoo. Alijifunza kwamba mwangwi ukizidi wimbo unakuwa kama umeimbwa bafuni. Daftari lilijaa. Na Masikio, kadiri mwanafunzi alivyofahamu, ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa sababu alijua neno moja alilokuwa analiruka kila Jumamosi. Shangazi alikwisha kuulizia herufi S iliyo kwenye kila traki, akaambiwa hiyo ni ya kusikiliza traki moja peke yake. Kidole kilipohamia kwenye M, Masikio alisema tunywe chai kwanza.

Tena sasa Shangazi alikuwa na ombi. Alitaka siku moja amfungulie wimbo wao wenyewe, aone traki yake inafananaje. Masikio alisema kompyuta ina shida, wiki ijayo. Wiki ijayo akasema wiki ijayo.

Siku za mwizi ni arobaini, na Masikio alizihesabu. Ndipo alipopata wazo ambalo mwenyewe aliliona la busara, na mtu aliyebanwa na hatia ndivyo alivyo, kila upumbavu humjia umevaa suti. Alifungua mradi wa wimbo ule, akawasha traki ya saba, akaipandisha kiasi, akautengeneza upya. Kisha akaenda kumsalimia Shangazi, na Shangazi alipotoka nje kuanua nguo, Masikio akachukua simu yake, akafuta wimbo wa zamani, akaweka mpya. Sasa Shangazi yumo. Deni limelipwa bila mtu kuaibika. Alirudi nyumbani akalala usingizi mzuri, siku nne mfululizo.

Jumamosi Shangazi alifika mapema, hata mwenye duka alikuwa hajafungua. Hakuwa na furaha. Hata shikamoo aliiitikia kwa haraka. Akaweka simu mezani.

“Kuna mtu ameingia kwenye wimbo wetu,” alisema.

Masikio akauliza mtu gani.

“Sijui. Nimeusikiliza wimbo huu mara mia, naujua kama njia ya kazini. Sasa yupo mtu anateleza. Anaanza vizuri, halafu anashuka, mpaka kwenye kiitikio anawavuta wenzake wote. Sikiliza.” Akaupiga. Walisikiliza wote wawili, na palipoharibika Shangazi alikunja uso. “Huyo. Mmesahau kumchambua. Mtoe, mwanangu, anatuaibisha.”

Kule dukani mtu alianza kufungua makufuli. Masikio alimtazama Shangazi, ameketi wima, daftari mapajani, anasubiri fundi wake afanye kazi. Angeweza kusema sawa. Kidole kimoja tu, M, taa nyekundu, na yeye mwenyewe Shangazi ndiye aliyeomba. Asingejua maisha yake yote. Masikio aliliona hilo waziwazi, na akaona pia kwamba akilifanya mara ya pili hatakuwa na uso wa kumtazama tena.

“Shangazi,” alisema. “Huyo ni wewe.”

Shangazi hakuelewa. Akasema yeye ndiye ile sauti ya pili. Masikio akafungua mradi, akamwonyesha traki ya saba, jina limeandikwa pale, Shangazi. Akabonyeza herufi S. Wenzake wote wakatoweka, akabaki yeye peke yake chumbani, uchi wa sauti, akishika mapigo barabara na kuteleza, kuteleza, kuteleza.

Shangazi aliusikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa imeshika daftari. Masikio alijikaza kisabuni, akamweleza yote bila kuruka: kwamba alisikia sauti yake ikiteleza siku ileile ya kurekodi, kwamba alishindwa kumwambia, kwamba alimzima, kwamba wimbo uliopigwa siku ya kumuaga haukuwa na sauti yake hata kidogo, na kwamba huu wa kwenye simu ameubadilisha juzijuzi kwa siri.

“Kwa hiyo siku ile,” Shangazi alisema polepole, “nilipoinua kidole mbele ya watu. Ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Ukatabasamu.”

Masikio alikuwa anasubiri atukanwe, na matusi yangekuwa nafuu. Shangazi alifunga daftari, akalifungua tena. Mtu aliyekagua nguo miaka thelathini na moja hawezi kuona doa asiulize limetoka wapi. Akamwambia aurudie ule wimbo, traki ya saba peke yake. Halafu akauliza swali ambalo Masikio hakulitegemea. Mbona mapigo ameyashika hivi na sauti hakuishika? Siku ile ndani ya hedifoni, kinanda kilikuwa wapi?

Masikio akasema kilikuwa kushoto, na mapigo kulia.

“Kinanda chote kushoto?”

“Chote.”

Shangazi akafunika sikio la kulia kwa kiganja. Akamwambia aseme kitu. Masikio akasema, unanisikia? Akasema tena, kwa nguvu. Shangazi alikuwa anatazama midomo yake tu.

Akaondoa kiganja. Akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za hali ya hewa, kwamba sikio la kushoto lilikufa zamani. Mashine ya kukamua ilikuwa upande huo, na miaka ile hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio. Ndiyo maana anasimama mwisho wa mstari, wenzake wote wawe upande wa kulia. Akiwasikia anaimba. Siku ile kibandani alisikia tik, tik, tik, na kinanda alikiwazia tu kichwani. Alidhani ndivyo studio zilivyo.

“Kwa nini hukuniambia?” Masikio aliuliza.

“Miaka kumi na minne tumelala chumba kimoja,” alisema Shangazi. “Ukiniita kutoka kushoto siitiki. Nilidhani unajua.”

Hapo ndipo Masikio alipolia. Hakulia kwa sababu ya kitufe. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimwita mara tatu, mara nne, na moyoni akisema huyu mama ana makusudi. Alikuwa ameweza kuzisikia kucha za mpiga gita asiyemjua, na huyu aliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote duniani hakumsikia kwamba hasikii. Kosa la kuimba vibaya halikuwa la Shangazi kamwe. Lilikuwa lake yeye, na adhabu akampa Shangazi.

Alimwomba warekodi upya, sasa hivi. Shangazi alikubali bila maneno mengi. Masikio akagonga ukuta mara mbili. Akahamishia kinanda sikio la kulia, mapigo akayaweka chini yake, taratibu. Shangazi aliingia kibandani na nguo zake za nyumbani, kitambaa hakuwa nacho. Akaimba mara moja. Sauti haikuwa ya msichana, ilikuwa na mikwaruzo na pumzi fupi, lakini ilikaa palepale kinanda kilipokuwa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Masikio aliiweka kwenye wimbo, na wimbo ukaipokea bila shida yoyote. Hakuhitaji hata kugusa ikwalaiza.

Shangazi alitoka, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Masikio alidhani yamekwisha. Akaanza kusema kwamba atampelekea kila mwanakwaya nakala mpya, na hakuna haja ya kueleza sana, atasema tu kwamba ameurekebisha kidogo.

“Ya kinanda nimekusamehe,” Shangazi alimkatiza. “Hukujua, na mimi sikusema. Lakini kile kitufe ulikibonyeza kwa kidole chako. Nenda ukawaambie. Mimi niliinua kidole mbele yao nikiwa naringa sauti ya mtu. Siwezi kukaa nao na uongo huo.”

Jumatatu saa ya chakula Masikio alikwenda hospitali. Hakuwa amewahi kuingia chumba cha kufulia tangu utoto. Mvuke ulimpiga usoni. Mashine ya kukamua ilikuwa bado ipo, upande wa kushoto, na ilikuwa inanguruma kiasi kwamba aliihisi kwenye meno. Wanakwaya walikuwa wamekaa juu ya mabunda ya mashuka, wanakula. Shangazi alikuwa amekuja naye, akakaa kati yao. Masikio alisimama mbele akasema alichokuja kusema, na hakuna aliyesikia. Mwalimu akainuka akazima mashine. Ikabidi aseme yote tena, sasa bila kelele ya kujifichia: kwamba Shangazi hakuwemo kwenye wimbo ule, kwamba ni yeye aliyemzima, na kwamba kosa lilikuwa la fundi.

Walimtazama Shangazi. Mwanamama wa sauti ya pili alifunika mdomo. Hakuna aliyegomba. Mwalimu alikuwa ameshika mkate wake bila kuuma, anafikiri. Mwishowe akauliza, kwa upole kabisa, “Na wengine je? Nani mwingine ulimzima?”

“Hakuna,” alisema Masikio. “Naapa. Ni yeye tu.”

Akaona kwenye nyuso zao kwamba hawamwamini, na akaona pia kwamba hawana sababu ya kumwamini. Mmoja aliuliza taratibu kama yeye yumo. Mwingine akasema hata yeye siku zote aliona haisikii sauti yake vizuri. Kila mmoja alianza kuupiga ule wimbo kichwani na kujitafuta ndani yake.

Jumamosi walikuja wote kumi na watatu. Walipanga foleni kwenye ujia, kando ya duka la mabomba, na mwenye duka akauliza kuna msiba gani. Walitaka jambo moja tu, kila mtu asikie traki yake peke yake, kisha aisikie ndani ya wimbo. Hawakutaka Masikio aguse kompyuta. Walimtaka Shangazi, naye alikaa kwenye kiti cha fundi na daftari lake, akawaeleza mmoja mmoja hii S ni ya nini na hii M ni ya nini, na taa ikiwaka maana yake nini. Masikio alisimama mlangoni kuita anayefuata. Watu hao walimjua tangu yupo shule ya msingi, na siku nyingine wakimpita walimshika bega. Siku ile kila mmoja alimtazama kwanza usoni, kisha akaingia ndani kuhakikisha.